Maji ngamani: kuisoma troponini ya mgonjwa wa figo

Assalaam alaykum. Nashukuru kualikwa hapa Chake Chake. Wauguzi mlioacha wodi kuja kunisikiliza, nitajitahidi tumalize kabla ya adhana.

Nianze na kosa langu. Nikiwa zamu ya usiku, hospitali siitaji, aliletwa mzee wa miaka 61, ana kisukari na figo zimeshachoka. Kifua hakimuumi. Pumzi tu zinambana, na jasho linamtoka. Troponini T, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo umeumia, ikarudi 52. Kati ya watu 100 wenye afya, 99 huwa hawapiti nanogramu 14 kwa lita. Muuguzi akaniuliza, "Daktari, tuchukue nyengine baadaye?" Nikamjibu, "Hiyo ya figo hiyo," nikaenda kunywa chai. Alfajiri ilikuwa 118, na kipimo cha umeme wa moyo kimegeuka.

"Ya figo." Neno hili limetuponza wengi. Figo haitengenezi troponini. Ni protini ya msuli wa moyo, ikipanda kwenye damu ujue kuna chembe za moyo zimeumia. Figo dhaifu inachangia kwa kuchelewa kuitoa, sawa, lakini moyo wa mgonjwa huyu nao una yake: presha ya miaka imenenepesha ukuta wake, damu imepungua, vimishipa vidogo vimekakamaa. Unavuja kila siku, kidogo kidogo.

Nyinyi mliokulia pwani mnajua kuwa chombo cha mbao hakikosi maji ngamani, kule chini kabisa ya chombo. Nahodha akiyaona hapigi kelele kuwa tunazama, wala hayapuuzi. Anatia alama ubaoni, watu wanafua, yaani wanayachota na kuyamwaga nje, halafu anaangalia tena. Yakipanda na huku wanafua, pametoboka. Figo ndiye mfuaji aliyechoka. Ubao ni moyo.

Basi pima anapofika, rudia zikipita saa 3. Kwa aliyekuwa juu tangu mwanzo, tofauti inayozidi asilimia 20, iwe ya kupanda au kushuka, inaashiria jeraha jipya. Nasema jeraha, sisemi mshipa umeziba: presha iliyopaa, maji mapafuni, hata uambukizo mkali, vyote huipandisha. Hapo dalili na umeme wa moyo ndivyo vinavyoamua.

Kuna na kosa la upande wa pili. Bi mmoja alikuwa na 60, baada ya saa 3 ikawa 62, umeme wa moyo ni uleule wa mwaka jana. Mwenzangu alishashika enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande, dozi kamili. Dawa hiyo hutolewa na figo. Kwa Bi yule ingerundikana, tukamsababishia kuvuja damu bure. Tukaiacha. Lakini 60 yake hatukuitupa. Mwaka 2004 Marekani waliidhinisha troponini T itumike kupima hatari ya kifo kwa wagonjwa ambao figo zimeshindwa kabisa, kwa sababu namba iliyotulia juu nayo ina habari mbaya. Tuliiandika kwenye daftari lake la kliniki, tukakaza uzi kwenye presha.

NT-proBNP, kipimo kingine cha damu, cha moyo uliolemewa, sitaikalia sana. Inategemea figo kuliko ndugu yake BNP, kwa hiyo ilinganishe na ya mgonjwa huyohuyo siku alipokuwa hana uvimbe.

Anayesafishwa damu, mchukue damu ya kipimo kabla hajawekwa mashineni, kwa sababu baadhi ya vichujio huiondoa troponini. Na akija na karatasi kutoka Dar es Salaam, tazama kwanza: ni troponini T au ni ndugu yake, troponini I? Namba za T na za I hazilinganishwi, na hata I kwa I, mashine ya kampuni tofauti ina kikomo chake.

Ndugu yangu wa maabara ananiashiria. Anasema chupa za damu zinamfikia hazijaandikwa saa ya kuchukuliwa. Ana haki. Bila saa, 52 na 118 ni namba mbili tu, hajui ipi ilitangulia.