Mtama Wetu Ulianzia Wapi? Vigae Vinasema

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za jioni.

Hapa Dodoma mtama hauhitaji kutambulishwa. Mvua ikikatika katikati ya msimu mahindi yananyauka, mtama unavumilia. Lakini asili yake ilisumbua wataalamu miaka mingi. Nabta Playa, kusini mwa Misri, zilipatikana punje za kale sana, ila zilikuwa za mtama-mwitu. Mtama wa kulimwa wa kale kuliko wote uliojulikana ulikuwa wa India, wa miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Nafaka ya Afrika, halafu ushahidi wa kuilima uko ng'ambo ya bahari! Jambo hilo liliniuma, nawaambieni kweli.

Jibu limetoka kwenye vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale vilivyovunjika. Mashariki mwa Sudan, upande wa Kassala, kuna makazi ya kale ambayo watafiti wameyapa jina KG23. Wafinyanzi wa pale walichanganya udongo na makapi ya mtama. Chungu kilipochomwa, makapi yaliungua, alama zake zikabaki ndani ya udongo. Wanaakiolojia Frank Winchell, Dorian Fuller na wenzao walimimina silikoni, kitu laini kinachoganda kama mpira, kwenye vitundu vya alama hizo, ikaganda, wakaitoa na kuitazama kwa hadubini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Walikuwa wanatafuta kovu. Mtama-mwitu ukikomaa hujipukutisha wenyewe, na pale punje ilipokuwa imeshikia panabaki laini. Wa shambani hung'ang'ania sukeni mpaka mje muupure, na kila anayepura anajua kazi yake ilivyo. Hapo kikonyo huchanika, na kovu lake huwa na kingo zilizoraruka. Kwenye vigae vile, vya kati ya mwaka 3500 na 3000 KK, yaani miaka 5,000 na zaidi iliyopita, makovu ya aina zote mbili yapo. Mmea ulikuwa njiani kubadilika. Punje zilizopukutika ziliishia ardhini au kwa ndege. Zilizoshika sukeni zilifika nyumbani, nazo ndizo zilizopandwa tena, mvuno baada ya mvuno.

Uwele nao una kwao: bonde la Tilemsi, Mali, yapata mwaka 2500 KK, na huko pia ni alama za makapi kwenye vyungu. Mahindi asili yake ni Mexico. Huku kwetu yamekuja baada ya Wareno. Kwa hiyo kijana akiniambia ugali wa mtama ni chakula cha njaa, simwachi aondoke bila kumsimulia haya.

Sasa ombi langu kwenu mnaojenga, maana mji huu unachimbwa misingi kila kona. Mkikuta vigae, msivitupe na msivisugue. Viacheni palepale mlipovikuta, mtoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Wengi huokota chenye nakshi na kuacha kile kisicho na pambo. Msikidharau. Kitazameni pale kilipovunjika: mkiona vitundu vidogo vyembamba, mfano wa ganda la punje, hicho ndicho tunachokitafuta.