Yungiyungi la Zamu ya Usiku

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo kaka Beni ana kesi. Eti mama amekuona mwongo?

BENI: Hakutamka, ila lile jicho alilonitupia! Nilikuwa Ifakara, bonde la Kilombero. Saa moja asubuhi nikapita kwenye dimbwi nyuma ya mashamba ya mpunga, nikakuta mayungiyungi meupe, makubwa kama sahani. Nikakimbia kumwita mama. Mpaka amalize kazi zake, saa saba mchana. Tunafika, jeupe hata moja! Ya samawati tu.

ZUHURA: Ukabaki unaapa.

BENI: Mpaka sauti ikakauka.

ZUHURA: Picha ya jani unayo?

BENI: Za maua ninazo kumi na tano.

ZUHURA: Mnapiga maua tu nyinyi! Rangi hudanganya, kaka. Hata la samawati kuna mahali hutoka jeupe au la waridi. Jani je?

BENI: Moja. Sile-maua alikuwa anatembea juu yake, yule ndege wa vidole virefu.

ZUHURA: Mshukuru ndege. Ikuze hiyo picha. Ukingo wa jani ukoje?

BENI: Una meno... kama msumeno.

ZUHURA: Basi lile jeupe ni Nymphaea lotus, kwa jina la kisayansi. Ungeligeuza ungeona mishipa imetuna chini. Hilo huchanua jioni, likakesha, jua likipanda linafumba. La samawati, Nymphaea nouchali, ukingo wake ni laini au una mawimbi kidogo. Hilo hufunguka asubuhi, likafumba alasiri. Wewe uliwakuta walinzi wa usiku, mama akawakuta wa mchana.

BENI: Kumbe wote tulisema kweli! Lakini lotus si lile la Wahindi?

ZUHURA: Hapo Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alituvuruga mwaka 1753 alipoliita letu lotus. La Wahindi ni Nelumbo. Jani lake ni duara zima, bua limeshika katikati, na mengi husimama juu ya maji. Yetu yana mpasuko toka ukingoni hadi kwenye bua, yamejilaza majini.

BENI: Na yale ya zambarau Ziwa Victoria? Kuna watu wanayaita yungiyungi.

ZUHURA: Gugumaji hilo, mgeni kutoka Amerika Kusini. Lina bua limevimba kama puto. Ukilivuta linakuja lote na mizizi yake kama ndevu, kwa sababu linaelea. Yungiyungi ukilivuta linakatika, shina limezama topeni. Usilivute lakini.

BENI: Umechelewa kusema.

ZUHURA: Beni!

BENI: Bua moja tu, dada. Ndani matundu matupu. Nikalichovya ncha moja majini nikapuliza, mapovu hayo!

ZUHURA: Humo ndimo hewa inamoshukia hadi kwenye tope, kule chini oksijeni ni ya kutafuta. Sasa mama?

BENI: Jumamosi tunarudi alfajiri. Amekubali, sharti chupa ya chai nibebe mimi.