Rangi Hafifu, Jua Kali: Filamu Ipi?

Bwana Mwenyekiti, mabibi na mabwana, asalaam aleikum. Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa filamu ya rangi kwa mtu anayetaka kupiga picha za rangi hafifu, yaani waridi, samawati, manjano ya maziwa na kijani cha mnanaa, katika jua hili letu la Mombasa. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikiligombania jambo hili, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja katika ugomvi wenyewe. Rangi hizi zinapotoka chafu karatasini, watu hulaumu jua kwamba limezidi. Mimi nasema aghalabu filamu ilishinda na njaa ya mwanga saa sita mchana, na aliyeinyima ni kipimo cha kamera.

Binti mmoja aliniletea negativu zake za kuta za Ndia Kuu, kule Mji wa Kale, akaniambia, "Maalim, filamu hii mbovu, nataka kuirudisha dukani." Nikaiweka juu ya meza ya taa nikamwita asogee. Katika negativu mambo huwa kinyume, hivyo ukuta mweupe uliopigwa jua unapaswa kuonekana mzito na mweusi, na mlango ulio kivulini unapaswa kuwa mwepesi lakini wenye kitu ndani yake: nakshi za mbao, pete za chuma, uso wa mzee aliyekaa barazani. Yeye ukuta wake ulikuwa wa kijivu tu, na pale penye mlango palikuwa pakavu, rangi ya machungwa ya filamu yenyewe bila alama yoyote. Nikamuuliza, "Mwanangu, ulipima mwanga wapi?" Akajibu kwamba kamera ilipima yenyewe. Basi hapo ndipo kesi ilipokwisha.

Kipimo cha kamera hakijui kwamba kinaangalia ukuta wa chokaa. Kimetengenezwa kiamini kuwa kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia, ilhali ukuta uliopakwa rangi ya maziwa au waridi iliyopoa hurudisha zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Kamera huona mwanga huo, hudhani dunia imeng'aa kupita kiasi, na kufunga lenzi karibu hatua mbili, kila hatua ikiwa ni kupunguza mwanga kwa nusu. Ukuta wenyewe hautapotea, bali utageuka kijivu. Kitakachopotea ni kila kilicho kivulini, kwa sababu huko chini kabisa matabaka matatu ya filamu, la buluu, la kijani na la nyekundu, hayaendi tena sawasawa, na kivuli hutoka kama tope. Halafu mashine ya kuchapisha hujaribu kuiangaza picha, tope likaangazwa pamoja na chembe zake, na mteja akarudi dukani kugombana na mwenye duka asiye na kosa.

Dawa yake ni nyepesi. Pima kiganja chako ukiwa umekigeuzia jua lile lile linalopiga ukuta, kisha fungua hatua moja, kwa kuwa kiganja kwa kawaida ni cheupe kuliko kile kijivu cha kamera. Au elekeza kipimo kivulini, chini ya roshani, ukichukue kipimo hicho kama kilivyo. Baada ya hapo, kama unataka rangi zipoe zaidi, ongeza hatua moja nyingine: filamu iliyoandikwa 160 (namba ya wepesi wake kwa mwanga, yaani ISO) iweke 80 kwenye kamera, iliyoandikwa 400 iweke 200. Naomba msichanganye mambo haya mawili, maana kila mwaka kuna mtu huyachanganya. Kusahihisha kipimo kilichodanganywa na ukuta hakuhesabiki kuwa ni kuzidisha mwanga. Ni kuipa filamu haki yake. Hatua unayoongeza baadaye ndiyo ziada.

Najua kuna mtu hapo nyuma anajiuliza kama ukuta hautaungua. Huyo amelelewa na slaidi, ile filamu inayotoa picha yenyewe badala ya negativu. Kwenye slaidi hofu hiyo ni ya haki, kwani hata nusu hatua ya ziada inatosha kuufanya ukuta wa waridi uwe mweupe usio na kitu. Filamu ya negativu imeumbwa vingine: tofauti ya mwanga na giza huandikwa kwa upole, na karatasi ndiyo inayoirudisha, kwa hiyo huvumilia hatua mbili za ziada, na filamu nzuri zikavumilia hata tatu. Zaidi ya hayo, kadiri mwanga unavyopanda juu, mchoro wa filamu, yaani mstari unaoonyesha jinsi inavyoitikia mwanga, hulala taratibu, na rangi za sehemu zenye mwanga hutulia bila kupotea. Huo utulivu ndio tunaoutafuta.

Sasa filamu yenyewe. Kwa kazi hii mimi huchagua Kodak Portra, na sioni haya kurudia. Ilipoingia sokoni mwaka 1998 iliuzwa kwa namna mbili, NC yenye rangi za asili na VC yenye rangi zilizokolezwa, hivyo mnunuzi alilazimika kujua anataka nini kabla ya kutoa pesa, jambo ambalo naona lilikuwa na adabu yake. Mwaka 2010 ile ya 400 ikaunganishwa kuwa moja, na mwaka uliofuata ikafuata ya 160. Filamu ya leo iko kati ya mbili zile, lakini bado haina papara: waridi hubaki waridi na ngozi yetu haigeuki shaba.

Ektar 100, ya Kodak pia, ni filamu bora sana kwa wenye kupenda rangi ziwake. Chembe zake ni ndogo mno, na mtu akinionyesha leso za Biashara Street zilizopigwa kwa Ektar nitampongeza. Lakini ukuta wa samawati iliyofifia hupewa ukali ambao mpaka rangi hakuuweka, na ukiipunja mwanga kidogo vivuli hukimbilia buluu. Gold 200, nayo ya Kodak, huvuta kwenye manjano. Nzuri jioni pale Mama Ngina, ila samawati hupoteza ubaridi wake. Na msiniulize Fuji Pro 400H, ile yenye tabaka la nne lililowafanya watu waipende kwa kijani cha mnanaa, kwa sababu ilisimamishwa mwaka 2021, na masanduku yaliyobaki yanauzwa kwa bei ya kuchekesha.

Kati ya 160 na 400, hapa Mombasa chukua 160. Katika jua kamili, 160 iliyowekwa 80 itakupa tundu la lenzi la f/5.6 kwa kasi ya shata ya karibu 1/640 ya sekunde, ambayo kamera nyingi za zamani zinaimudu. Ile ya 400 iliyowekwa 200 itadai karibu 1/1600 kwa tundu hilo hilo, na shata ya kamera yako inakoma 1/1000, au hata 1/500. Utalazimika kuliziba tundu, na ule ukuta wa nyuma uliotaka ulainike utatoka na kila ufa wake.

Jambo moja ambalo husahauliwa ni vichochoro vyenyewe. Njia za Mji wa Kale ni nyembamba, na jua la mchana, kwa kuwa tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, hupiga upande mmoja kisha hurudi upande wa pili likiwa limebeba rangi ya ukuta lilioupiga. Mtu aliyevaa kanzu akisimama mbele ya ukuta wa waridi, kanzu hupata uwaridi upande mmoja, na upande unaotazama anga hupata ubuluu. Filamu yenye rangi za upole hulionyesha hilo kama jicho linavyoliona; filamu kali hulipigia kelele, kanzu ikatoka kama imefuliwa na shuka jekundu. Tangu kaunti ilipoagiza mwaka 2018 majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu, mrudisho huo umezidi ubaridi mahali pengi, na ni sababu nyingine ya kujiepusha na filamu inayozidisha.

Muda unanikimbia. Filamu msiiache ndani ya gari. Iwekeni kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na mkiitoa msiufungue mfuko mpaka ipoteze ubaridi, la sivyo unyevu wetu utaingia. Uwanja wa ndege ombeni ikaguliwe kwa mkono. Studio mwambieni msafishaji asipunguze muda kwa ajili ya ule mwanga wa ziada: dawa ya kwanza ni dakika 3 na sekunde 15 katika nyuzi 37.8, kama ilivyo kwa kila filamu ya C-41, yaani usafishaji wa kawaida wa negativu za rangi. Mwambieni pia asiiachie mashine irekebishe rangi peke yake, kwani ikiona fremu nzima ya waridi hudhani ni kosa na kumimina kijani ndani yake. Nilikusudia kusema juu ya vichujio, lakini Mwenyekiti ameshanionyesha saa mara ya pili. Mwenye negativu mkononi na azilete hapa mbele tuziangalie.