Kusoma Miitikio ya Sura za Mwanzo

Ndugu waandishi, riwaya ya fantasia inapotoka kwa sehemu mtandaoni, maoni ya sura za mwanzo huandikwa na waliobaki. Aliyechoka hakuandikii, anafunga ukurasa na kwenda zake. Kwa hiyo kabla ya maoni, someni hesabu.

Sura ya kwanza iacheni pembeni, imejaa wachunguliaji. Anzieni ya pili. Tuseme ya pili imefunguliwa mara 400, ya tatu 360, ya nne 190. Wengi hukimbilia kuifumua ya nne. Sivyo. Aliyeishia njiani ndani ya sura ya tatu ameshahesabiwa humo; alichokataa ni kufungua ya nne. Kasoro itafuteni kwenye ya tatu, hasa kurasa zake za mwisho. Wala msilinganishe sura ya jana na ya mwezi uliopita. Kila sura ipeni angalau wiki moja ikusanye wasomaji.

Nyota wanazotoa wasomaji nazo zina mtego. Royal Road, tovuti ya hadithi za Kiingereza, inaanzia nusu nyota hadi tano. Watu tisa wakitoa tano na mmoja akatoa nusu, wastani unashuka hadi 4.55. Hadithi haijaharibika, ni wapiga kura wachache tu. Shōsetsuka ni Narō, tovuti ya hadithi ya Japani iliyoanza 2004, hupanga hadithi kwa jumla ya pointi: anayeihifadhi hadithi ili aifuatilie anaipa pointi 2, na kila nyota, hadi tano, ni pointi 2, hivyo mtu mmoja hatoi zaidi ya 12. Huko asiyependa hana cha kupunguza.

Sasa maneno yenyewe. "Leta muendelezo", "umetuacha na arosto": yanatia moyo, hayafundishi. Swali ndilo mali. Wasomaji watatu wakiuliza "huyu ni nani tena?", jueni ukurasa wa kwanza umefurika majina ya falme, miungu, koo na ngazi za uchawi. Dawa si faharasa, sembuse utangulizi wa historia ya miaka elfu, ambao kwa maoni yangu ndio unaofukuza watu kuliko yote. Bakizeni mhusika mmoja, mahali pamoja, shida moja. Kanuni ya uchawi ijitokeze pale inapomgharimu mhusika kitu.

Wakilalamika kwamba shujaa ni mwoga, na ninyi mmepanga abadilike sura ya 12, hawatasubiri kwa imani. Pandeni dalili sura ya pili, hata kwa tendo dogo. Lakini msomaji akiibashiri siri yenu, msiibadilishe: dalili zote mlizokwisha kuzitoa zitageuka uongo.

Marekebisho yafanyeni kwa mkupuo mmoja, labda baada ya sura ya kumi, na juu ya sura mpya mweleze kilichobadilika. Tahajia safisheni wakati wowote. Jina, umri au gharama ya uchawi vikiguswa, pekueni kwanza kila sura inayofuata.