Sileji ya matete: shughulika kwanza na maji na sukari

Karibuni. Leo tunatengeneza sileji ya matete, yaani majani ya tembo yaliyochachushwa bila hewa ili yawe akiba ya chakula cha mifugo, na tutakawia kwenye mambo mawili yanayowaponza wengi: maji na sukari. Matete yana maji mengi lakini sukari yake ni haba kuliko ya mahindi, na bakteria wanaotoa asidi ya laktiki wanaitegemea sukari hiyo. Wakiikosa, uchachu hauji upesi na vijidudu vya uozo vinawatangulia.

Kata matete yakifika mita moja hivi; yakikomaa zaidi, mashina huwa magumu na lishe hupungua. Yatandaze juani yanyauke, nusu siku mpaka siku nzima kulingana na jua. Mawingu yakitanda, ahirisha. Usikate kwa kuwa tu mashine umeshaikodi.

Yakinyauka, yakatekate vipande vya sentimita 2 hadi 3. Sasa tazama mkono wangu. Nachukua konzi moja, naikamua kwa nguvu nusu dakika, naachia. Maji yangechuruzika kati ya vidole, ningeyarudisha matete juani. Hapa donge limeshikana, kiganja kina unyevunyevu tu, na donge linafumuka polepole: hivi ndivyo tunavyotaka. Likisambaratika papo hapo, yamekauka mno na hayatashindilika vizuri.

Molasi sasa, ule uji mzito mweusi unaobaki sukari ikitengenezwa kiwandani. Kila kilo 100 za majani, kilo 3 hadi 5. Izimue kwa maji kiasi hichohicho ili inyunyizike, usizidishe. Tusije tukayarudisha maji tuliyoyatoa kwa jua. Geuza majani huku unanyunyiza. Kama molasi hakuna, pumba za mahindi husaidia kufyonza maji, ila kwa uchachu hazifikii molasi.

Jaza mfuko kidogo kidogo, kila tabaka ulishindilie, hasa kwenye pembe. Kamua hewa, funga kwa nguvu, kisha uingize kwenye mfuko wa pili. Panya wakitoboa, ziba siku hiyohiyo.

Subiri wiki 4 ndipo ufungue. Iliyoiva ina rangi ya kijani inayoelekea manjano, na harufu ya uchachu mtamu. Ikinuka kama siagi iliyochacha, ilifungwa na maji mengi. Penye ukungu, tupa, usichanganye. Toa ya kutosha mlo mmoja, funga tena. Ng'ombe wa maziwa mpe baada ya kukamua, la sivyo harufu itaingia kwenye maziwa.