Mpangaji wangu amefikisha mayai tisa

Sasa watu wangu wa Kisumu, na nyinyi wa Busia na Kakamega mnaotazama. Leo sina habari za kazi wala kodi ya nyumba. Leo ni ndege tu, na msinicheke.

Hapa Leeds ni mwisho wa Aprili, majira ya machipuko. Mnaona kile kisanduku cha mbao ukutani? Tundu lake ni milimita 25. Nilitia kamera ndogo ndani wakati wa baridi, kikiwa kitupu, na sasa amehamia huyu anayeitwa blue tit. Kofia ya buluu, kifua cha njano, uzito gramu kumi na moja hivi. Dani, bibi yangu, angesema huyu hata mchuzi hatoshi.

Ngoja nisogeze picha. Hizo za kijani ni ile mimea laini inayoota kwenye paa lenye unyevu. Juu yake manyoya. Na hizo nyeupe ni nywele za mbwa wa jirani, huyo namjua kabisa! Yai lenyewe ni jeupe lenye madoadoa mekundu, kama gramu moja. Anataga moja kila asubuhi, na wengine hufika kumi na mbili. Haya yake tisa yanakaribia uzito wake mwenyewe.

Siku ya nne nilishtuka. Alitaga, akafunika mayai, akaenda zake mchana kutwa, na nje baridi. Nikajua ameyasusa, na kosa ni la kamera yangu. Nikampigia Mama, kule Nyalenda, Kisumu. Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena: "Wee, umesahau kuku? Kuku gani analalia yai la kwanza? Anangoja yatimie, ndio vifaranga watoke pamoja."

Basi tunangoja yatimie. Akianza, atalalia peke yake wiki mbili hivi, dume akimletea chakula.

Kinachonisumbua ni hiki. Huku ndege anasoma mwanga. Desemba saa kumi jioni giza linaingia; sasa saa mbili usiku bado naona nje. Siku zikirefuka mwili wake unajua, na watoto wanatoka viwavi wakiwa tele mitini. Kisumu tuko ikweta pale pale, mchana ni ule ule mwaka mzima. Mnana wa Dunga, pale ufukweni, anasoma nini? Mvua. Ikinyesha, nyasi mbichi za kufumia zipo, wadudu wapo, dume anaanza kufuma kiota. Ananing'inia kichwa chini akipiga mbawa, jike anakagua, akikataa jamaa anakifumua chote aanze upya. Maskini.

Mtoto wa dada, wewe uko Dunga kila Jumapili. Nirekodie wale wa mti ulio karibu na wakaanga samaki. Simama mbali, vuta picha tu.

Shh. Ameingia. Anajizungusha... anasukuma kwa mdomo... haya, la tisa limeshafichwa chini ya nywele za mbwa.