Mlinzi Asikilizwe, Lakini Jiko Lisiguswe

Washauri wenzangu, leo naongelea OCD, ugonjwa wa mawazo ya hofu yanayomlazimisha mtu kurudiarudia jambo. Naanza na jiko la mkaa, na mlionisikia Tukuyu nikilisimulia mnivumilie.

Baba mmoja wa Uyole kila usiku alitoa jiko nje, akalimwagia maji. Akilala, wazo linamjia: halijazima, watoto watakufa. Anaamka, anagusa majivu. Anarudi. Anaamka tena. Akichoka anamwamsha mkewe: "Mama Neema, jiko limezima?" "Limezima, Baba Neema, lala." Dakika chache tu, anauliza tena.

Nawasikia mnanung'unika huko nyuma: "Mwalimu, hii baridi ya mwezi wa saba, jiko chumbani si linaua?" Linaua! Kaboni monoksaidi haina harufu. Ndiyo maana linatolewa nje. Kulitoa ni tahadhari. Kwenda kupapasa majivu yaliyolowa usiku kucha ni ugonjwa.

Tiba ya mazoezi, ya kumwacha mtu akae na hofu bila kwenda kugusa, si ngeni. Mwanasaikolojia Victor Meyer aliiandika London mwaka 1966. Inafanya kazi. Tatizo, wengine wanaikimbia, maana sisi tunajua kusema "usiguse" basi. Hapo namkaribisha Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba wa Marekani, aliyeanza miaka ya 1980 kuongea na sehemu za ndani za mtu, yaani zile sauti zinazovutana moyoni mwake. Nikamwambia baba yule: iulize hiyo inayokuamsha, inaogopa nini ikinyamaza? Akakaa kimya, kisha akasema: "Nitakuwa baba aliyeua wanawe." Kumbe ni mlinzi, tena mlinzi mwenye upendo. Akamshukuru. Usiku ule akabaki kitandani huku anatetemeka.

Sasa, ugomvi wangu na wenzangu. Mlinzi akishasikilizwa, imetosha! Kuna wanaomhoji wiki hadi wiki: umetulia? una hakika? Huko ni kugusa jiko kwa mdomo. Tiba hii ya kuongea na sehemu peke yake, kwa ugonjwa huu, haina ushahidi wa kufikia ule wa mazoezi ya kukaa na hofu. Mwambieni mlinzi, "Nimekusikia, njoo tuogope wote hapa kitandani, siendi." Na mke, kwa makubaliano ya mchana wakiwa watulivu, anajibu: "Naona unaogopa, ila hilo sijibu." Ukatili? Ukatili ni kumlisha ugonjwa majibu usiku kucha.

Dawa nilitaka kuzieleza, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Fluoksetini na klomipramini zinasaidia, pamoja na mazoezi. Mpeni mgonjwa wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema zimeshindwa. Haya, maswali. Dada wa nyuma, wewe uliyekuwa unanung'unika.